Nyonga ya mwanangu iko nje, mama mkwe anataka akandwe

Shikamoo Shangazi,

Nina binti wa miezi 15, ndiye kifungua mimba wangu. Alipopiga hatua tulishangilia nyumba nzima. Ila anayumba kama bata, na suruali yake upande wa kushoto inaburuta chini. Halii, anacheza, ndiyo maana tukazubaa. Siku moja nambadilisha pampasi, nikamkunja magoti akiwa chali. Goti la kushoto likakaa chini kuliko mwenzake. Nikamnyoosha, nikarudia. Vilevile.

Eksirei imeonyesha kichwa cha mfupa wa paja kiko nje. Daktari alinichorea nyuma ya karatasi mpira na bakuli, mpira umekaa pembeni. Akauliza, alizaliwa katanguliza makalio? Ndiyo. Basi akasema mtoto kama huyo, wa kike tena wa kwanza, angepimwa nyonga kwa atrasaundi akiwa mchanga, maana kabla ya miezi sita mara nyingi mikanda ya kumpanua miguu hutosha. Kadi yetu ya kliniki imejaa kilo na chanjo, miguu hakuna aliyeipanua kuitazama.

Sasa atapewa dawa ya usingizi, mfupa urudishwe bila kisu, kisha afungwe hogo, ile plasta ngumu, toka kifuani hadi miguuni, kama miezi mitatu. Mfupa ukigoma kurudi, atapasuliwa. Na tukizidi kuchelewa, kisu ndicho kitakachobaki.

Mama mkwe hataki kusikia. Anataka tumpeleke kwa mganga wa mifupa akandwe kwa mafuta ya nazi. Mume wangu kanyamaza, kama kawaida yake mbele ya mama yake.

Shangazi, linalonikaba ni hili: mama huyuhuyu alinisihi nimbebe mtoto mgongoni kwa kanga. Nikakataa kwa kuogopa matege, nikawa namviringisha shuka, miguu imenyooka kama boflo. Kumbe daktari anasema mgongoni, miguu ikiwa imepanuka, ndivyo nyonga inavyotaka! Nitamwambiaje kwamba kwenye kanga alisema kweli, ila kwenye mafuta hapana?

Na waliopitia hogo hili wanisaidie. Kwa joto letu la Tanga, anajisaidiaje bila kulilowesha? Pampasi inavaliwa juu au inachomekwa ndani? Mgongoni hatabebeka tena, nitatoka naye vipi? Tumepangiwa Jumanne ijayo.

Mama Binti, Tanga