Tarehe ziko ukutani

Dodoma,
Februari 2026

Mpendwa Mama Rehema,

Hamjambo huko Tanga? Sisi huku wazima wote, isipokuwa ukuta wa sebuleni.

Alhamisi jioni nilikuwa nachuja chai. King'ora cha machimbo ya kokoto hakikulia, au kililia sikukisikia, na mara wakalipua mwamba. Mfuniko wa sufuria uliruka, kuku wakakimbilia stoo, nusu ya chai ikaishia mkononi mwangu. Baadaye nikachukua penseli nikaweka alama pale ufa ulipofika, na tarehe pembeni. Alama ziko tano sasa. Usinitajie ile methali ya ufa, Baba Baraka ameshaniimbia vya kutosha.

Hapo ndipo nikakumbuka swali la Rehema: mbona ndege za abiria haziendi kasi tena, na ile ndege ya zamani ya Concorde ilitoka London hadi New York kwa saa tatu na nusu hivi? Hebu fikiria, huo ni muda wa kupanda treni ya umeme hapa kwetu ukashukie Dar! Mwambie sababu ni nyingi, mafuta, nauli, na ile ajali ya Paris ya mwaka 2000. Ila kilichoifungia njia tangu mwanzo ni kitu cha ukoo mmoja na hiki kilichonimwagia chai.

Ninyi watu wa bahari mtanielewa haraka kuliko wanafunzi wangu. Boti ya injini ikipita kasi, yenyewe imeshakwenda zake ndipo wimbi lake linakuja kukupiga miguuni. Ndege inayoipita sauti, yaani zaidi ya kilomita 1,200 kwa saa usawa wa bahari na pungufu kidogo kule juu kwenye baridi, nayo inaburuta wimbi la hewa. Hewa haiwahi kupisha, inabanwa. Vijiwimbi vya pua, vya mabawa, vya injini vinashuka vikifukuzana, vinashikana njiani, hadi vikifika chini vimebaki viwili vikubwa, kimoja cha omo, yaani mbele, na kimoja cha tezi, yaani nyuma. Ndiyo maana mara nyingi watu husikia pu-pu. Na si mara moja tu pale inapoanza kuipita sauti, kama nilivyofundisha mimi mwenyewe miaka miwili mizima (Mungu anisamehe). Mshindo unaifuata ndege muda wote inapokwenda kwa mwendo huo, na kila kijiji kilicho chini ya njia yake kinapata fungu lake.

Wamarekani walijaribu kuona kama watu watazoea. Mwaka 1964 serikali yao iliwarushia wakazi wa Oklahoma City mishindo 1,253 katika muda wa miezi sita hivi, kwa makusudi. Vioo vikapasuka, malalamiko yakaja kwa maelfu, na kama robo ya waliohojiwa wakasema hayo si maisha. Mwaka 1973 ndege za kiraia zikapigwa marufuku kwenda mwendo huo juu ya nchi kavu ya Marekani. Concorde ikabaki kukimbia baharini tu, hadi ilipostaafu mwaka 2003.

Sasa NASA, shirika la anga la Marekani, wana ndege ya majaribio, X-59. Nilipoiona picha yake nilicheka peke yangu: ni chuchunge mtupu, yule samaki wa mdomo mrefu! Urefu mita 30, na karibu theluthi yake ni pua. Rubani hana hata kioo cha mbele, anatazama kwa kamera na skrini. Injini wameibandika mgongoni. Usidhani injini ndiyo iliyonyamazishwa. Walichochezea ni umbo, ili vile vijiwimbi visishikane. Darasa langu wakitoka wote kwa mkupuo mlango unatikisika. Wakitoka mmojammoja, miguu ni ileile lakini humsikii mtu. Concorde mshindo wake ulikuwa kama desibeli 105 kwa kipimo chao, hii wanataka 75, kama mtu amefunga mlango wa gari hatua chache kutoka ulipo. Iliruka mara ya kwanza tarehe 28 Oktoba 2025 huko California, taratibu kabisa, kujipima tu.

Lakini kilichonigusa si pua. Mpango wao ni kuipitisha juu ya miji kadhaa, kisha wakazi waulizwe: mmesikia nini, imewakera kiasi gani? Majibu ndiyo wapelekewe wanaotunga sheria. Nikaweka simu chini nikautazama ukuta wangu. Sisi nani alituuliza? Hata huko kwao sina uhakika sana na nia, maana Juni 2025 Rais Trump ameshaagiza marufuku ile iondolewe, na kuulizwa kwenyewe bado. Wa kupanda watakuwa wachache, Mama Rehema, wenye vikombe mezani ndio wengi.

Jumamosi nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Akanipa kiti, akanisikiliza vizuri tu, kisha akasema anataka maelezo ya maandishi yenye tarehe ya kila mlipuko. Nikamwambia tarehe ziko ukutani, aje azisome. Amesema atakuja Jumatano.

Mpe mama shikamoo yangu. Zabibu nitakutumia kwa basi zikianza kuvunwa, na safari hii mwambie kondakta asizilalie.

Wako,
Mama Baraka