Usiigandishe bado hiyo Datsun

Kwako Baba Akinyi,

Salamu nyingi kutoka Nakuru. Sisi ni wazima, mvua imeanza, mama anakusalimu. Nikimbilie jambo lenyewe: Wafula alipita hapa akaniambia bodi ya 240Z yako, ile modeli ya plastiki ya gari la Datsun unayoiunganisha, imekataa kukaa kwenye chesisi, na wewe sasa unataka kuibana kwa mpira na kuimwagia supagluu. Tafadhali, usifanye hivyo! Plastiki iliyolazimishwa haitulii. Itaachia siku moja, au vile vinguzo vyembamba vya kioo cha mbele vipasuke. Na hiyo ni gari ya dereva Shekhar Mehta, ya ushindi wa mbio za magari za Safari za 1973. Inastahili subira.

Nasikia pengo liko chini ya milango, nusu milimita hivi. Kwa kipimo cha 1/24 hiyo ni milimita 12 kwenye gari halisi. Hakuna fundi wa bodi hapo Kisumu angekukabidhi gari hivyo. Lakini usianze kupiga msasa hapo chini. Pengo linaonekana chini, kinachoisukuma bodi mara nyingi kiko juu. Toa viti na dashibodi, ujaribu chesisi peke yake. Ikishuka vizuri, basi tafuta huko ndani. Mwombe Mama Akinyi rangi ya mdomo kidogo, upake ukingo wa juu wa dashibodi, shusha bodi taratibu, kisha inua. Panapoachwa doa ndipo pa kupunguza kwa tupa, kidogo kidogo, huku ukijaribu tena na tena.

Angalia pia kioo cha mbele, ule ukingo wake wa ndani huwa mnene. Na rangi! Praima, rangi, vanishi, vyote vina unene, na sehemu iliyoingia vizuri kabla ya kupakwa hukwama baadaye. Isitoshe, gundi ya plastiki hushika kwa kuyeyusha plastiki, kwa hiyo kwangua rangi pale pa kuunganisha.

Kama ni chesisi iliyopinda, ilaze juu ya kioo uone kona ipi inacheza. Ichovye kwenye maji moto ambayo hayajachemka, inyooshe kwa vidole, uishikilie hivyo hivyo kwenye maji baridi. Puti iwe ya mwisho kabisa. Puti huziba pengo, haishushi bodi.

Kwa ufupi, jaribu kushikiza kila kitu kwanza kwa selotepu, bila tone la gundi.

Sasa niambie: umeshapaka rangi ndani? Stika je, umezibandika? Pengo liko sawa pande zote mbili au upande mmoja tu? Unaweza kunitumia picha ya ubavuni leo, kabla hujagusa kitu? Na Safari ikirudi Naivasha utakuja, au Wafula aje peke yake tena?

Ni mimi nduguyo,
Kip