Risala ya Klabu ya Historia kwa mgeni rasmi, Siku ya Wazazi, Nachingwea

Ndugu mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wageni wote, itifaki imezingatiwa, shikamooni. Tunajua una safari ya kurudi mjini, kwa hiyo historia tutaipitisha fasta.

Reli ya kwanza nchini ilianzia Tanga 1893 enzi za Mjerumani ikaja kufika Moshi 1911. Reli ya kati ikaanza Dar 1905, ikaingia Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mwingereza akaongeza tawi la Mwanza 1928, Tazara ikaja miaka ya 70, kilomita 1,860 mpaka Zambia, na leo kuna treni ya umeme Dar mpaka Dodoma. Na huku kusini mheshimiwa tulikuwa nayo pia, Mtwara hadi hapa Nachingwea, Waingereza waliijengea mradi wao wa karanga, karanga zikagoma, mwanzoni mwa miaka ya 60 reli ikafungwa ikang'olewa, tukabaki na tuta.

Mafanikio ya klabu ni makubwa mno. Tumechora ramani ya reli zote, zilizopo kwa wino mwekundu na zilizong'olewa kwa mweusi, ukuta mzima, manila tupu, na wilaya hii hatujaona nyingine ya kuifikia.

Sasa mheshimiwa, kilio chetu ni kimoja tu, paa la chumba cha klabu. Bati zimetoboka na maji yanashukia palepale kwenye ramani, Kigoma imeshafutika, yaani reli yetu ya kati sasa hivi inaishia Tabora kama tupo 1912. Mvua zijazo zitahamia kusini, na hii reli yetu iliyong'olewa ardhini tutaing'oa tena ukutani.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi bati, tukampigia makofi. Wa mwaka jana naye akasema "hilo limekwisha", tukampigia makofi mengi zaidi, na kweli hatukulisikia tena. Hatulaumu mtu, viongozi mna majukumu mengi, ila ndoo tunazokingia ni za wazazi na wameanza kuzidai.

Hatuombi reli irudi. Tunaomba bati, geji 28, na misumari yake, fundi ni mzazi wa hapa atapaua bure, vipimo anavyo katibu wetu amekaa hapo mbele yako. Mpiga picha tumemwomba arekodi video wakati unatujibu.

Tunaomba kuwasilisha.