Barua ya wazi kwa Meya wa Affile: ondoeni jina la Graziani

Mheshimiwa Meya,

Salamu, na samahani kwa kukusumbua. Naishi bonde hili la Aniene, hapa Italia, kazi yangu ni kutunza wazee. Nawaogesha, nawalisha, usiku nawageuza kitandani. Kodi nalipa. Nimekaa kimya miaka yote hii nikijiambia mgeni hasemi mambo ya wenyeji.

Jumapili iliyopita nilimleta rafiki yangu, mama wa Kihabeshi, aone mji wenu. Mazuri mnayo. Ni Affile, kama alivyoandika Papa Gregori Mkuu, ambako Mtakatifu Benedikto, akiwa kijana, alifanya muujiza wake wa kwanza: yaya wake alivunja chekecheke la ngano aliloazima kwa jirani, akaangua kilio, kijana akasali, likawa zima. Watu wakalitundika kwenye mlango wa kanisa. Tena kuna mvinyo wenu wa Cesanese, ambao hata wazee wangu waliokatazwa na daktari huunywa kwa siri.

Kisha tukafika bustani ya Radimonte. Pale kuna jengo la kumbukumbu, na ukutani mwake, PATRIA. ONORE. Yaani nchi na heshima, kwa ajili ya Rodolfo Graziani, jenerali wa dikteta Mussolini aliyetawala Uhabeshi. Mama akaniuliza, "Hili ni la enzi za Mussolini?" Nikamjibu: la 2012. Hakusema neno tena mpaka kituo cha basi. Babu yake aliuawa Addis Ababa.

Labda ukutani nafasi haikutosha, Mheshimiwa, basi nikusaidie. Tarehe 19 Februari 1937 Graziani alirushiwa mabomu ya mkono mjini Addis Ababa. Siku tatu zilizofuata raia waliuawa ovyo na nyumba zikachomwa. Serikali ya Uhabeshi ilihesabu watu 30,000. Mwezi Mei, kwa amri yake, mamia ya watawa na mashemasi wa monasteri ya Debre Libanos wakapigwa risasi. Kabla ya hapo kulikuwa na makambi ya Libya, walimofungiwa wenyeji. Mwaka 1950 mahakama ya Italia ilimfunga miaka 19 kwa kushirikiana na Wajerumani, akatoka baada ya miezi michache tu. Kwa ajili ya Waafrika hakufungwa hata siku moja. Heshima kweli!

Nahisi mlitafuta mtu mkubwa wa kujivunia, maana vijana wanahama na mji unabaki na wazee. Au zilikuwa kura tu. Lakini fedha zilikuwa za umma. Babu yangu mimi alikuwa Keya, askari wa Waingereza kutoka Afrika Mashariki, akapelekwa Uhabeshi 1941 kupigana na jeshi la Italia. Leo mjukuu wake anawavisha soksi wazee wa bonde hili, na sioni aibu. Aibu naiona Radimonte.

Sidai fidia, wala hotuba. Hata jengo libaki, litieni viti, watoto wakimbilie kivuli. Jina tu, Mheshimiwa. Liondoeni. Kaburi lake liko hapo hapo Affile. Anayetaka kumwombea aende huko.

Wako katika utumishi,
Mtunza wazee, Bonde la Aniene