Sio kila kinda ni yatima

Mhariri naomba kanafasi kadogo tu. Juzi binti yangu wa miaka 9 kaja mbio na kinda la ndege kalifunga kwenye fulana, eti mama yake kafa, namuuliza ulimwona akifa? Kimya. Nikalicheki, manyoya yashaota, mkia mfupi, linarukaruka, yaani lilikuwa linajifunza kuruka tu na mama yuko juu ya mti anapiga kelele. Tukalirudisha, na ile stori kwamba ndege akinusa mkono wa mtu anamtupa mwanae ni uongo mtupu. Hata mtoto wa swala huachwa amejificha kwenye majani mama akienda malishoni, baadae anarudi kumnyonyesha, sasa ukimbeba wewe ndo umemfanya yatima. Na jamani maziwa ya ng'ombe msiwape ovyo watoto wa wanyama, wengi yanawaharisha mpaka wanakufa, wala msimdondoshee kinda maji mdomoni, yanaingia kwenye mapafu. Kama mama kafa kweli, mtoto wako asimguse huyo mnyama, popo au mbweha anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, mkubwa awapigie simu watu wa wanyamapori. Binti bado kaninunia, boksi alilotandika pamba liko palepale chini ya kitanda.