Kabla hujalipia vikombe

Seattle, Jumapili usiku

Mama Baraka mpendwa,

Za siku nyingi? Sisi huku ni wazima, ila mvua haikatiki na watoto wanakohoa. Mama mfikishie shikamoo yangu, hela ya dawa nitaituma Ijumaa. Najua nimekaa kimya tangu ule msiba wa Machame, nisamehe, hayo tutayaongea siku yake. Leo nina jambo moja, na nina haraka nalo kwa sababu umesema mtu wa uchapaji anataka malipo Alhamisi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Vikombe elfu nne, maneno ya kupinga ukatili kwa wanawake kwa Siku 16 zote za kampeni, maduka yako yote matatu ya kahawa, na wahudumu wamuulize kila mteja ana maoni gani. Kwa nini unafanya hivi huna haja ya kunieleza. Eliza alikuwa wangu pia. Kinachoninyima usingizi ni hilo la wahudumu.

Umesema hata yule bosi wa Starbucks, ile kampuni kubwa ya maduka ya kahawa, aliandika kwenye vikombe. Ni kweli, lakini ulisimuliwa nusu. Mimi nakaa kwenye mji wa kampuni yenyewe, ngoja nikupe na nusu ya pili.

Howard Schultz, aliyekuwa bosi huyo, mimi simchukii. Amekulia Brooklyn, kwenye maghorofa ya serikali ya Canarsie. Baba yake alikuwa dereva wa kupeleka nepi za kitambaa majumbani. Mwaka 1961 akateleza akiwa kazini, akaumia vibaya mguu, kazi ikaishia hapo na bima hakuna. Mtoto alikuwa na miaka 7, na ile sura ya baba amelala kwenye kochi na plasta mguuni ameisimulia maisha yake yote. Basi alipoinunua kampuni mwaka 1987, haukupita muda mrefu akawapa bima ya afya hata wahudumu wa saa chache. Hilo ndilo namheshimia. Alianza na watu wa ndani.

Baadaye akaanza kusema na nchi nzima. Mwaka 2011 aliwaomba wakurugenzi wenzake wasiwape wanasiasa hela za kampeni mpaka wapatane kuhusu deni la taifa, na zaidi ya 100 wakakubali. Mwaka 2013 likaja suala la bunduki. Huku majimbo mengi mtu anaruhusiwa kutembea na bastola kiunoni, na wengine walikuwa wanaingia nazo kunywa kahawa. Schultz akaandika barua ya wazi akiwaomba waziache. Aliomba tu, hakupiga marufuku, na sababu aliitaja mwenyewe: akipiga marufuku, mhudumu wa kaunta ndiye atakayelazimika kumkabili mwenye bunduki, na yeye hayuko tayari kumtwisha mhudumu mzigo huo. Hapo alikuwa anaiona kaunta yake vizuri kabisa.

Halafu Machi 2015 akaisahau.

Kisa kilianzia pazuri. Vijana weusi walikuwa wameuawa na polisi, mji wa Ferguson unawaka kwa maandamano, na yeye akaitisha vikao na wafanyakazi wake, Seattle, Oakland, St. Louis na kwingine. Watu walisimama wakasema ya moyoni, bosi amekaa anasikiliza. Angeishia pale! Lakini akataka nchi nzima iongee vile, akawaambia wahudumu waandike kwa mkono kwenye vikombe maneno "Race Together", yaani suala la rangi tulizungumze pamoja, na wakiweza waanzishe mazungumzo na mteja. Saa moja asubuhi, mtu anakimbilia kazini, foleni mpaka mlangoni. Watu walimshambulia vibaya, na haikupita wiki mbili wahudumu wakaambiwa waache kuandika. Yeye alikuwa ofisini. Anayetazamwa usoni na mteja alikuwa binti wa miaka 20 mwenye kalamu.

Na mimi ndiyo kazi yangu, unajua. Si kwao, ni kaduka kadogo tu. Mwaka juzi mwenye duka alitupa beji za kifuani, "Niulize kuhusu" jambo fulani, lilikuwa jambo jema kabisa. Asubuhi moja nimeshika jagi la maziwa chini ya bomba la mvuke, mzee mmoja akaegemea kaunta akasoma beji polepole. Akaniuliza. Kabla sijafungua mdomo akaanza kunihoji nimetoka wapi, nani kanileta, naona nini kibaya katika nchi yao. Nyuma yake watu kumi na moja, niliwahesabu. Maziwa yakaumuka yakanimwagikia kidoleni, na nilitabasamu, Mama Baraka. Nilitabasamu kwa sababu nalipwa kutabasamu. Kovu bado lipo. Mwenye duka siku hiyo hakuwepo.

Sasa mfikirie yule mlevi wa duka la Sakina. Yule anayekuja saa nne na magazeti yake. Binti anamwuliza, "Baba, una maoni gani kuhusu kupiga wanawake?" Atajibu nini, na mbele ya nani?

Na Rehema je? Mwezi wa tatu uliniambia kuna asubuhi alikuja na miwani ya jua, akahudumia nayo kutwa. Hukusema zaidi, nami sikuuliza. Huyo ndiye unayetaka aishike hiyo sentensi mara mia kwa siku, halafu jioni arudi kwake...

Sikwambii unyamaze. Redio wamekuita, nenda, sema kwa jina lako, mtaje Eliza kama wazazi wake wameridhia. Una jina mjini, watu watakusikiliza. Matusi yakija yaje kwenye simu yako. Vikombe, ukitaka, chapisha, lakini swali la mteja litoe. Na kile ambacho mwanamke anahitaji kweli, yaani Dawati la Jinsia liko kituo gani cha polisi na namba ya kupiga, kibandike ndani ya mlango wa choo cha wanawake. Pale anasoma peke yake, hakuna wa kumwangalia.

Schultz mwenyewe yaliendelea. Mwaka 2019 alitaka kugombea urais bila chama, akaacha kabla mwaka haujaisha. Wahudumu wa Starbucks mjini Buffalo wakaunda chama cha wafanyakazi, wakifuatwa na maduka mengine mengi, na Machi 2023 akakaa mbele ya kamati ya Seneti, Seneta Bernie Sanders akimhoji kuhusu wahudumu wale wale. Alikana kuvunja sheria. Mimi nilimwangalia nikikunja nguo za watoto, na nilichowaza ni vile vikao vya kwanza, vya kukaa na kusikiliza. Aliviweza vile.

Niambie basi: wahudumu umeshawauliza, au wataona tu vikombe? Unaweza kuwaita wote Jumatatu kabla hamjafungua, bila yule meneja wa Njiro? Wakisema hawataki, utakubali? Mtu wa uchapaji anaweza kusubiri wiki moja? Baba Baraka anasemaje? Na Rehema anakaa na nani siku hizi, umeshaongea naye, ninyi wawili tu?

Nipigie hata usiku wa manane wa huku. Nitapokea.

Wako,
Mama Ivan