Brashi ya manyoya ya kindi

Mwanangu Maryam,

Huku sote hatujambo, bibi yako anakusalimu sana. Ulinambia kwenye simu unaona haya kuwaonyesha wenzako chuoni kofia unazodarizi, eti hayo ni mambo ya maduka ya watalii. Basi hebu mtazame msanii Shahzia Sikander.

Ni mzaliwa wa Lahore, Pakistan, mwaka 1969. Alipokuwa chuo cha sanaa hukohuko Lahore, vile vipicha vya kale vilivyochorwa zamani kwenye makasri ya Wamughal, wafalme waliotawala Bara Hindi, vilidharauliwa vivyo hivyo, bidhaa ya kuuzia wageni. Yeye akaenda kukaa chini ya mwalimu Bashir Ahmad akajifunza. Si kazi ya mwenye haraka: karatasi zinagandishwa moja juu ya nyingine, zinasuguliwa mpaka zing'ae, na brashi ni ya manyoya ya kindi, ncha yake nyembamba kama unywele.

Itafute picha aliyoichora ya kuhitimu chuo. Ina urefu wa mita 1.6 hivi, kimo sentimita 34 tu. Utamwona msichana wa nguo nyeupe akipita chumba baada ya chumba, watu wamo na shughuli zao, na hata mara moja hageuki tukamwona uso. Mwishoni amesimama, katupa mgongo, anachora. Palepale palipozoea wafalme na mawindo, Shahzia kaweka nyumba na mwanamke anayetafuta nafasi yake ndani yake. Ningeweza kuitazama mchana kutwa, wali ukaungua.

Mwaka 1993 alihamia Marekani, na siku hizi hufanya hata masanamu. Moja, la mwanamke mwenye urefu wa mita tano na zaidi, lilisimamishwa chuo kikuu cha Houston. Nywele zimesukwa kama pembe za kondoo dume, shingoni kola ya lesi kama ya Ruth Bader Ginsburg, jaji wa Marekani aliyetetea haki ya wanawake ya kutoa mimba. Wapinga utoaji mimba wakasema ni ushetani. Julai 2024, kimbunga Beryl kikivuma, mtu akalikata kichwa.

Shahzia akasema lisitengenezwe; libaki vilevile, watu waone walichofanya wenzao. Baba yako anasema yeye angerudisha kichwa siku ileile, tena kikubwa zaidi. Mimi niko na Shahzia. Tumebishana mpaka chai imepoa, kwa hiyo tuandikie wewe uko upande wa nani.

Mama yako